Uliza Ujibiwe: Viza ya Matembezi na Bastola ya Marekani

Barua za mwezi huu zimetoka Nyali, Likoni, Kisauni na kwingineko, na karibu zote zinagonga mlango mmoja: Mkenya aliyeingia Marekani anaweza kupata kibali cha kubeba bastola iliyofichwa mwilini? Tumezipunguza urefu na majina tumeyaacha.

Nina cheti cha kumiliki bastola hapa Kenya na sijawahi kuwa na kesi. Desemba naenda Houston kwa kaka yangu, wiki sita, kwa viza ya matembezi, B1/B2. Nimesoma kwamba Utah humpa kibali hata mtu asiyeishi huko, na kwamba Texas siku hizi hawadai kibali kabisa. Nikilipia kozi ya Utah nitakuwa salama? (Msomaji, Nyali)

Hutakuwa salama, na sababu yenyewe haimo katika sheria za Utah wala za Texas.

Marekani mtu huishi chini ya sheria mbili kwa wakati mmoja: ya jimbo alilomo, na ya shirikisho inayotawala nchi nzima. Kibali cha kubeba bastola ni jambo la jimbo. Swali la nani anaruhusiwa kuishika silaha tangu mwanzo linajibiwa kwanza na shirikisho, na kifungu cha 922(g)(5) hakina mzunguko: aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, yaani ya kukaa kwa muda tu, haruhusiwi kuwa na silaha ya moto wala risasi. B1/B2 yako imo humo. F-1 ya mwanafunzi imo, J-1 ya mabadilishano, H-1B ya kazi, C1/D ya mabaharia. Adhabu yake ilikuwa kifungo cha hadi miaka 10. Tangu 2022 imepandishwa hadi 15. Ukishamaliza kifungo, hatia ya silaha peke yake inatosha kukufukuzisha nchini.

Uliyoyasoma si uongo. Utah kweli hutoa kibali kwa wasioishi humo. Kozi yake hufundishwa hata nje ya jimbo, maadamu mwalimu amesajiliwa Utah. Unapeleka picha na alama za vidole, na kibali hudumu miaka 5. Texas nayo iliondoa ulazima wa leseni Septemba 1, 2021, na majimbo yenye msimamo huo yalifika 29 mwaka 2024. Kosa liko katika kuunganisha hayo mawili na viza yako. Jimbo likisema "sihitaji kukupa leseni" halijasema kwamba shirikisho limekusamehe, wala halina uwezo wa kulisemea. Unaweza kuwa na kadi halali ya Utah mfukoni na bado ukawa mhalifu wa shirikisho kwa bastola iliyo kiunoni. Kadi hiyo haitakuwa kinga yako mahakamani.

Wengine wametuandikia wakitaja hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2022, katika kesi iliyotoka New York, wakidhani ilifungua mlango kwa kila mtu. Hukumu hiyo ilikataza majimbo kumdai mwombaji athibitishe kwamba ana haja ya pekee ya kubeba silaha. Habari ya viza haikuwa mbele ya majaji.

Utamsikia pia Mwingereza au Mjerumani akisema yeye huenda Nevada kila mwaka, hupiga shabaha na haulizwi kitu. Huenda asemalo ni kweli. Nchi zao zimo katika mpango wa kuingia bila viza, na tangu 2012 idara ya shirikisho inayosimamia silaha, ATF, inashikilia kwamba marufuku yanamhusu aliyeingia kwa viza tu, kwa kuwa ndivyo kifungu kilivyoandikwa. Kenya haimo katika mpango huo. Kwa maoni yetu ni sheria ya ajabu: mtu aliyehojiwa ubalozini na kupigwa alama za vidole ndiye aliyefungiwa, na yule aliyejaza fomu ya intaneti ndiye aliyeachwa. Lakini polisi wa Houston hatakusikiliza kwa hilo.

Cheti chako cha Kenya nacho hakina nguvu nje ya Kenya. Na usiifunge bastola yako kwenye begi ukidhani utaeleza ukifika. Silaha ya mgeni mwenye viza huingizwa kwa muda kwa idhini ya ATF iliyotolewa kabla ya safari, kwa fomu iitwayo 6NIA, na fomu hiyo inadai uthibitisho kwamba unafaa kwa mojawapo ya misamaha, kwa mfano leseni ya kuwinda au mwaliko wa mashindano ya shabaha. "Natembelea kaka" hakumo.

Mwanangu anasoma Texas kwa F-1. Ananiambia kwamba amenunua leseni ya kuwinda na kwamba hiyo inamruhusu kuwa na bunduki kihalali. Ananidanganya? (Mama, Kisauni)

Hakudanganyi, mama, ila amekupa nusu ya maneno.

Msamaha huo upo. Kifungu cha 922(y)(2) kinamtoa katika marufuku mtu mwenye viza ambaye ana leseni ya kuwinda iliyotolewa kihalali Marekani, au aliyeingia kwa ajili ya uwindaji au michezo ya silaha. Sisi tuliozaliwa katika nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu 1977 tunaona kama kichekesho, lakini huko ni karatasi ya kawaida inayonunuliwa dukani au kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo. Si lazima iwe ya jimbo lile lile ambamo bunduki inanunuliwa.

Sasa nusu iliyobaki, nayo ndiyo inayowaangusha vijana.

Ya kwanza ni tarehe. Leseni iliyokwisha muda si leseni, na siku inapokwisha, bunduki iliyo chini ya kitanda inageuka kosa la shirikisho bila mtu kuigusa. Mwaka wa leseni wa Texas huanza Septemba 1 na kufa Agosti 31, hata kama kainunua Julai. Mwambie akupigie picha ya leseni na akuonyeshe tarehe. Kama amezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye, na bila shaka ndivyo, Texas pia inamdai mafunzo ya uwindaji kabla ya kwenda porini.

Ya pili ni masomo, na hapa ndipo tungekuwa wewe tungekaza macho. Msamaha wa leseni ya kuwinda unamfaa mwenye viza halali peke yake. Haumfai aliyemo nchini kinyume cha sheria. Mwanafunzi aliyefukuzwa chuo, au aliyeacha masomo bila kupanga njia nyingine na ofisi ya wanafunzi wa kigeni, anaweza kupoteza hadhi yake, na leseni ya kuwinda haimwokoi tena. Kesi mashuhuri ya jambo hili ni ya Rehaif, kijana kutoka Falme za Kiarabu aliyekuwa akisoma Florida. Chuo kilimwondoa, yeye akabaki. Akaenda kiwanja cha shabaha, akapiga. Alihukumiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilirudisha kesi yake nyuma, ikasema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mtu alijua hadhi yake ya uhamiaji. Wengine wanaisoma hukumu hiyo kama msamaha. Sivyo. Chuo kikishamwandikia mtu barua au barua pepe kwamba hadhi yake imekwisha, amejua.

Ya tatu ni ununuzi. Kwa muuzaji mwenye leseni atajaza fomu 4473, na humo ataulizwa waziwazi kama yuko kwa viza isiyo ya uhamiaji, na kama ana msamaha. Ajibu kweli na aonyeshe leseni. Muuzaji huweka nakala. Bunduki ndefu ni kuanzia miaka 18, bastola ni 21. Na bastola huuzwa kwa mkaazi wa jimbo hilo tu: mwanafunzi aliyepanga nyumba na kuishi humo anahesabiwa, mgeni wa wiki mbili hotelini hahesabiwi.

Kuhusu kubeba bastola iliyofichwa, msamaha wa kuwinda unamtoa katika marufuku ya shirikisho, lakini jimbo bado lina masharti yake. Florida inatoa leseni kwa raia na wakaazi wa kudumu. Na hata sheria yake ya 2023 ya kubeba bila leseni inamdai mbebaji atimize sharti hilo hilo. Minnesota vivyo hivyo. Arizona inataka mkaazi wa jimbo au raia. Hivyo leseni ya kuwinda iliyomtosha shambani kwa rafiki yake inaweza kumwacha mikono mitupu akivuka mpaka wa jimbo.

Ushauri wetu, na ni wa kihafidhina: kama si mwindaji kweli, aiuze kwa muuzaji mwenye leseni na achukue risiti.

Meli yetu hupitia Houston na Savannah. Mabaharia wenzangu hushuka, wanakodi bastola kwenye kiwanja cha shabaha, wanapiga boksi moja la risasi 50, wanarudi melini. Hiyo nayo? (Baharia, Likoni)

Hiyo nayo. Sheria inazungumzia kuwa na silaha, haikuweka kiwango cha dakika. Bastola ya kukodi ikiwa mkononi mwako, unayo. Boksi la risasi ulilolinunua kaunta, unalo, hata kama bastola hujaigusa, kwa kuwa risasi zimetajwa peke yake. Utapewa karatasi ya kutia saini. Zisome zile sentensi ndogo, nyingi zinakutaka uthibitishe kwamba hukukatazwa na sheria. Mwenye kiwanja anajilinda yeye, hakulindi wewe. Na C1/D imebandikwa kwenye pasi yako, kwa hiyo kudai hukujua uliingia kwa hadhi gani ni kazi ngumu.

Kuingia, kukaa nyuma ya kioo na kuwatazama wenzako hakuna kosa.

Nimeshinda bahati nasibu ya grin kadi, naelekea Dallas na mke wangu. Nataka kufanya mambo kwa utaratibu. Nianzie wapi? (Fundi umeme, Changamwe)

Hongera. Wewe uko upande mwingine wa mstari. Viza yako ni ya uhamiaji, na ukishaingia kama mkaazi wa kudumu, kifungu tulichowasomea wenzako hakikuhusu. Huna haja ya leseni ya kuwinda, na ile sharti ya zamani ya kukaa jimboni siku 90 kwa asiye raia iliondolewa 2012.

Anza na kitambulisho. Muuzaji anataka kitambulisho cha serikali chenye picha na anwani unayoishi sasa. Hapa ndipo wageni hukwama: wanapata leseni ya dereva wakiwa wamefikia kwa binamu, wanahamia nyumba yao, anwani kwenye kadi inabaki ya binamu. Muuzaji atakataa, na ana haki. Badilisha anwani kwanza.

Kwenye fomu 4473 andika uraia wako, Kenya, na namba ya mgeni iliyo kwenye grin kadi. Ukiiacha wazi ukaguzi wa rekodi unakwama. Muuzaji hupeleka taarifa na kurudishiwa jibu moja kati ya matatu: endelea, subiri, au kataa. "Subiri" huwapata wengi wenye majina yanayofanana na ya wengine, na kina Mohamed Ali tunajua ni wangapi. Hairudishi heshima yako nyuma. Kwa kawaida ni siku 3 za kazi, na kwa mnunuzi wa chini ya miaka 21 inaweza kuwa zaidi.

Fomu hiyo ina swali la dawa za kulevya, na kwa mtu wa Mombasa tulitaje waziwazi: miraa. Huku ni zao halali lenye soko lake na magari ya kukimbiza. Marekani, kathinoni iliyo kwenye majani mabichi imewekwa katika orodha ya kwanza, kundi moja na heroini. Anayetafuna huko ni mtumiaji wa dawa iliyokatazwa, na mtumiaji haruhusiwi kuwa na silaha. Bangi vilevile, hata katika jimbo linaloiuza dukani. Kuandika "hapana" huku jioni unakaa barazani na kifurushi ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Texas haikulazimishi leseni, lakini tungeichukua. Inatambuliwa katika majimbo mengine mengi, ambako ruhusa ya Texas ya kubeba bila leseni haikusafiri nawe. Na iko sheria ya shirikisho ya maeneo ya shule: inakataza kubeba silaha ndani ya futi 1,000, karibu mita 300, kutoka uwanja wa shule yoyote, isipokuwa kwa mwenye leseni ya jimbo hilo. Dallas, kama Mombasa, huwezi kuendesha gari dakika kumi bila kupita karibu na shule.

Kozi ni ya saa 4 hadi 6 darasani, ambayo inaruhusiwa kwa mtandao, na mtihani wa shabaha ambao lazima uhudhurie mwenyewe. Risasi ni 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, na 10 kutoka yadi 15, yaani takriban mita 2.7, 6.4 na 13.7. Alama ni 250, kufaulu ni 175. Umbali wa mwanzo hauangushi mtu. Waangukao huangukia zile 10 za mwisho, kwa kuwa wamezoea kuvuta kifyatulio kwa kushtua: bastola inainama kabla ya risasi kutoka, na kwa mtumia mkono wa kulia matundu yanajikusanya chini kushoto. Dawa yake ni kubonyeza polepole kwa ncha ya kidole mpaka mlio ukushangaze mwenyewe, na unaweza kujizoeza nyumbani bastola ikiwa tupu, magazini imetolewa, chemba imeangaliwa mara mbili, na risasi ziko chumba kingine.

Leseni ikishatoka, jifunze mabango. Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe huweka bango jekundu la 51, na bastola haiingii. Bango la 30.06 linamkataza mwenye leseni kuingia na bastola iliyofichwa, la 30.07 iliyo wazi. Mahakama, shule na vituo vya kupigia kura haziingiliki, na majengo ya serikali ya shirikisho pia: ikiwemo ofisi ya uhamiaji utakayoitwa kupigwa alama za vidole. Siku hiyo iache nyumbani.

Jambo la mwisho kwako: usimnunulie mtu. Shemeji aliye kwa viza ya matembezi akikupa pesa ukajiandika kwamba wewe ndiye mnunuzi halisi, umedanganya kwenye fomu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilithibitisha hatia ya mtu aliyemnunulia mjomba wake bastola, ingawa mjomba mwenyewe aliruhusiwa kumiliki. Sheria ya 2022 imeongeza kosa maalumu la kumnunulia mwingine, hadi miaka 15.

Nitakaa kwa shangazi yangu Atlanta miezi mitatu. Ana bastola kwenye droo ya kitanda. Nina kosa gani mimi? (Binti, Bamburi)

Kulala katika nyumba yenye silaha si kosa. Kosa huanza pale unapokuwa na uwezo wa kuifikia na nia ya kuitawala, na waendesha mashtaka hawahitaji kukukuta nayo mkononi. Mwombe shangazi, kwa adabu na kabla hujafika, aiweke kwenye sefu ndogo ya namba za siri na namba hizo asikupe. Asikwambie hata "ni mwaka niliozaliwa". Ukiazimwa gari lake, mwulize kwanza kilichomo kwenye dashibodi. Ukiendesha peke yako na bastola imo humo, maelezo ni yako wewe.

Nimestaafu polisi. Naweza kubeba kama maafisa wastaafu wa huko? Na fomu ya viza imeniuliza kuhusu ujuzi wa silaha, nijibu vipi? (Mzee, Tudor)

Hapana, mzee wetu. Haki ya polisi wastaafu kubeba silaha nchi nzima ni ya waliotumikia vyombo vya Marekani. Afisa wa kigeni ana msamaha pale tu anapoingia kwa kazi rasmi ya polisi, na likizo haimo. Kwenye fomu hiyo ya viza, DS-160, jibu ndiyo, kisha sentensi mbili: ulitumikia jeshi la polisi kuanzia lini hadi lini, ulifunzwa silaha za kikosi. Jibu la ndiyo halikunyimi viza. Uongo wa kuficha ukigunduliwa unaweza kukufungia milele.

Basi nikiwa kule nijilinde na nini? Na naweza kurudi na risasi moja kama ukumbusho? (Msomaji, Mji wa Kale)

Dawa ya pilipili ya kupuliza si silaha ya moto, na majimbo yote yanaikubali, ingawa baadhi huweka mipaka ya ukubwa, umri au mahali pa kununua. Nunua ukishafika, katika jimbo utakalokaa. Kwenye ndege haiingii kabini. Begi la chini linakubali kopo moja lisilozidi mililita 118 lenye kizuizi cha kubonyeza, lakini mashirika mengi ya ndege hulikataa kabisa, kwa hiyo uliza kwanza au liache.

Risasi, usithubutu. Marekani umekatazwa kuwa nayo, na hapa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu risasi kama inavyohesabu bunduki: bila cheti ni kosa, hata ikiwa moja. Risasi hujificha kwenye mshono wa begi, na mashine ya uwanja wa ndege wa Moi huiona. Kama umeazimwa begi na ndugu mwenye bunduki, fungua zipu zote, geuza mifuko nje, tikisa juu ya kitanda. Ikiwezekana, begi linalokwenda kiwanja cha shabaha lisiwe lile lile la kusafiria.